Vioo Viwili vya Tata Omer

Nikuulize, wewe mama unayesoma hapa: mtu akija asubuhi kumfukuza bwana wako, halafu jioni moja akarudi kukuagiza kioo cha mfukoni, tena chenye mapambo, utamtengenezea ao utamwonyesha barabara?

Mimi nilimtengenezea. Usinicheke kwanza. Ngoja.

Walioanza nami safari hii wanajua niliwaacha wapi. Mgodi ulikuwa umeporomoka, kampani ilikuwa imenyamaza kama mtu aliyekula kuku wa jirani, na Kolwezi nzima ilikuwa imegundua mwenye kosa. Ni Mkasai, yule ambaye wazee wake walitoka jimbo la Kasai. Mkasai ndiye aliyebomoa mgodi, ndiye aliyekausha mabomba, ndiye aliyepandisha bei ya unga. Hata mvua ilipochelewa, walimtazama yeye.

Basi vijana wa komite ya kartiye yetu, mtaa huu wa Musonoi, wakaingia kwetu na kumtoa bwana wangu Kabeya, pamoja na godoro lake na nyundo yake. Wakamwambia arudi kwao.

Kwao! Kabeya alizaliwa Musonoi, nyuma ya shule. Kasai aliijua kama mimi ninavyoijua Roma: kwa kusikia tu kanisani.

Mimi waliniacha. Mimi ni Muluba wa hapa Katanga, watu wangu ni wa Lubudi, kwa hiyo niko mtoto wa udongo. Bwana wa kufukuzwa, bibi wa kubaki. Kitanda chetu sijui walikihesabu upande gani, maana kilibebwa na mmoja wao mpaka leo.

Kabeya akapelekwa gare ya treni. Gare ilikuwa imegeuka mji: masufuria, mbuzi, vitanda vilivyosimamishwa kuwa kuta, watoto waliozaliwa palepale wakingoja kwenda kwa mababu wasiowajua. Treni haikuja. Treni ya mwaka ule ilikuwa kama Bwana Yesu: kila mtu alijua itakuja, hakuna aliyejua siku.

Na mimi nikabaki Musonoi na vioo vyangu.

Hii kazi lazima nikueleze, kwa sababu bila hiyo hutaelewa upumbavu uliofuata.

Waliofukuzwa hawakuweza kupandisha makabati yao kwenye treni. Waliobaki wakayagombania, na katika kugombania wakavunja vioo vya milango. Wakabeba mbao, wakaacha vipande. Mwaka ule Kolwezi ilikuwa na vioo vingi kuliko sura zinazostahili kujitazama. Mimi nilipita na kapu nikiokota.

Kipande nakilaza juu ya blanketi kuukuu. Naweka kopo la tomati juu yake, nazungusha diama, kile kisu kidogo chenye ncha ya almasi. Kinalia kama mtu anayesaga meno usingizini. Halafu nageuza kioo, nagonga taratibu kwa mpini, tok, tok, mpaka duara lenyewe liamue kutoka. Ukiharakisha, linapasuka. Kioo hakipendi mtu mwenye haraka, na ndiyo sababu bibi mzee anakiweza kuliko kijana. Mwisho nazisugua kingo kwenye jiwe lenye maji ili zisimkate mwenye mfuko.

Mgongo ulikuwa kazi ya Kabeya. Analaza bati jembamba la shaba juu ya lami laini, analigonga kwa misumari aliyoichonga vichwa mwenyewe, na picha inainuka upande wa pili: ua, korongo, mara nyingi mamba muntu, yule mwanamke-samaki wa mtoni, na chanuo lake mkononi. Kisha anakunja midomo ya shaba juu ya kioo, mimi nasugua kwa majivu na ndimu, na kitu kinang'aa mpaka mtu anaogopa kukishika.

Baada ya kufukuzana, kiwanda chetu kilipasuliwa katikati. Kioo kilikatwa Musonoi, shaba iligongwa gare. Mimi nilitembea katikati na sufuria la bukari, ugali wa Kabeya, kichwani.

Na soko lilikuwepo. Usishangae. Mwanamke aliyefukuzwa naye anataka kufika kwa wakwe akiwa amechana nywele.

Sasa Omer.

Omer alikuwa mkubwa wa komite. Alitutokea Musonoi siku si nyingi kabla ya mambo yale, akitoka Dilala, upande mwingine wa mji, na kwa muda wa kupepesa macho alikuwa amepata nyumba ya jirani aliyefukuzwa, kiti cha jirani, na redio ya jirani. Alikuwa na filimbi shingoni. Jina la babu yake hakuna aliyelijua. Na nani angemwuliza? Mtu akipiga filimbi mbele ya mlango wako, humwulizi habari za ukoo; unatafuta viatu.

Jioni moja akaja peke yake, bila vijana wake.

"Mama Kabedi, jambo."

"Jambo, tata Omer. Umesahau nani humu? Bwana mulishamubeba. Nimebakia mi na paka."

"Mama, usiongee vile. Ile ni politiki."

"Aa! Na mi nilizania ni godoro."

Akakohoa. "Nakuya juu ya kioo. Ya mufuko. Ya muzuri. Ku mugongo utaniwekea muti."

"Muti gani?"

"Muti ya mizizi mingi. Mizizi ishuke chini, chini sana. Batu baone kama mi niko wa hapa."

"Tata, mizizi inaikalaka mu udongo. Itaonekana namna gani?"

"Utaipasua udongo. We haiko fundi?"

"Bon. Nitaipasua."

"Na utanifanyia mbili. Za kufanana. Zisiachane ata kidogo."

"Ya pili ni ya madame?"

"Sina madame."

"Ya mama yako?"

"Mama, kama moya inapasuka, nibakie na ingine. Basi!"

Nilikuwa nachoma mahindi. Desturi ni desturi, hata adui akikaa kwenye kigoda chako unampa kitu. Nikampa muhindi mmoja.

Akaushika. Hakula. Nikakata kioo, nikageuza, nikagonga, yeye bado ameushika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo.

"Mama, hakuna ingine?"

"Kula kwanza hiyo, tata. Haitakimbia."

"Nipatie tu ingine."

Nikampa wa pili. Hapo akala mmoja, haraka, kwa raha yote, na wa pili akautia katika mfuko wa koti, juu ya kifua, akaupigapiga taratibu. Akaaga, akaenda.

Nilibaki na diama mkononi.

Mimi nimezaa, nimezalisha, nimesaidia kuzalisha karibu avenue nzima. Najua mtu mwenye tamaa anavyokula: anakula vyote viwili. Huyu hakuwa na tamaa. Huyu alikuwa pasa, pacha wa mtu.

Kwetu sisi Baluba mapasa hawapewi kitu kimoja. Ukimpa huyu nguo, unampa na yule. Ukimpa huyu kofi, tafuta na la mwenzake. Mmoja akila peke yake, mwingine anaugua, hata akiwa mbali; ndiyo maana pasa aliye safarini anachukua na sehemu ya ndugu yake, hata kama itaozea mfukoni. Mtu anaweza kudanganya umri, kabila na dini. Pasa aliyelelewa vizuri na mama yake hawezi kula muhindi mmoja.

Na majina ya mapasa hayachaguliwi, yanawangojea mlangoni. Kwa Baluba wa hapa Katanga, wa kwanza ni Kyungu na wa pili ni Kabange. Kwa Baluba wa Kasai, wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga. Taja jina la pasa, na bibi yeyote wa Musonoi atakuambia ametoka wapi.

Na mkubwa wetu wa komite hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa Omer tu, kama mbwa wa padri.

Kesho yake nikamwendea Bilkisi, jirani yangu muuza vitambaa, aliyekuwa ananitafutia shaba. Baba yake alitoka Kasongo na magunia ya chumvi, na chumvi ile yote ilibaki kwenye ulimi wa binti.

"Mama Kabedi, nasikia Omer anataka kioo. Anataka kuona nini? Siye tunaona ile sura kila siku bila kioo, tumeshachoka."

"Anataka mbili."

"Na kwangu vilevile! Juzi alinunua kofia mbili. Nikamuuliza, tata, uko na vichwa ngapi? Akakasirika. Soksi sawa, soksi ni mbili. Lakini alizichukua mara mbili!"

Tukacheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka.

"Mama, usimutengenezee. Siku atakosa Bakasai, atapiga hesabu, ataona siye pia tulitoka ngambo ingine. Ile filimbi itakuya mpaka kwangu."

"Njo maana ninamutengenezea, mama Bilkisi. Mutu mwenye kuficha kitu, umukaribie. Ukimukimbia, hutaona mufuko wake."

"Na ukiona mufuko wake, utafanya nini?"

"Nitaomba Kabeya."

Hilo ndilo lilikuwa shauri langu lote. Sikutaka haki. Haki mwaka ule haikuwa inauzwa hata kwa kipande. Nilitaka bwana wangu ashuke kutoka kwenye lile jukwaa la gare kabla ya treni kumchukua. Wengine waliokwenda, habari zao zilikuwa zinarudi, na zilikuwa habari za kuzikwa kando ya reli.

Nikapeleka duara zangu mbili gare, zimefungwa ndani ya kitambaa chini ya bukari.

Kabeya nilimkuta na lami yake, ndevu zimeota, kiburi kimeota zaidi.

"Shaba ya nani tena?" akauliza.

"Ya Omer. Anataka muti ya mizizi mingi."

Aliweka nyundo chini. "Omer ya filimbi? Yule alitupa godoro yangu? Mi nimutengenezee mizizi?"

"Utengeneze, tata. Kuko sababu."

"Sababu gani? Aa, nitamupatia muti! Nitamupatia muzuri sana!"

Akagonga siku ile yote bila kuniambia neno. Na siku iliyofuata, nilipokuja kuchukua, nikatazama mgongo wa shaba, majani mapana, shina nene, kila mshipa umeonekana. Kazi ya mikono iliyobarikiwa. Ilikuwa mgomba.

"Kabeya! Hii ni mugomba!"

"Njo muti yake. Unasimama wima, unajifanya mukubwa, upepo inakuya kidogo: pwaa! Chini."

Ningemjibu, lakini macho yangu yalimruka yeye. Kwa sababu kwenye godoro la bwana wangu, amekunja miguu, ameshika bati la pili kwa mikono yote miwili ili lisiteleze juu ya lami, alikuwa amekaa Omer.

Omer mwenyewe. Pua ileile. Paji lilelile. Ila bila filimbi, na shati limechanika begani.

Nisameheni wasomaji, mimi ni mtu mvumilivu, majirani wote watashuhudia. Lakini siku ile uvumilivu niliuweka chini pamoja na bukari.

"Ah bon! Na weye balikufukuza! Mungu haiko kipofu! Tata wa mizizi, iko wapi mizizi sasa? Balikungoa kama muhogo? Na unaikala ku godoro yangu! Ulitupa yenyewe mu vumbi, leo inakufaa ku matako!"

Wamama wa jirani wakasogea kusikia. Mmoja akapiga vigelegele bila kujua kisa.

Yule mtu alinitazama tu, machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika shaba.

Kabeya alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Mama, unatukana mutu bure. Huyu haiko Omer. Huyu anaitwa Kabanga, anatengenezaka biatu kule Dilala. Siku ya kwanza na mi nilitaka kumupiga nyundo; tangu ile tunaikala pamoya, na we ukikuyaka na bukari yee anaendaka kutafuta mayi. Mutu ya muzuri kabisa, anashika shaba bila kutetemeka."

Kabanga. Wa pili. Nikakaa chini polepole.

"Tata Kabanga," nikasema, "Mbuyi yako iko wapi?"

Watu wa pale hawakuelewa kwa nini aliweka shaba chini na kufunika uso.

"Mama, ulimuona?"

"Namuona kila siku."

"Anakula?"

"Anakula. Na ya kwako anatiaka mu mufuko."

Hapo akalia kabisa, kilio cha mtu mzima, kile kinachomfanya mtu atazame pembeni. Kisha akatueleza. Kule Dilala walikuwa wanaishi nyumba moja. Siku komite ya kule ilipoanza kupita mlango kwa mlango, ndugu yake alifikiri sana, akatoka nje mbele yao, akapaza sauti kuliko wote. Ukipiga kelele wa kwanza, alisema, hawatakuuliza jina. Na kweli hawakumwuliza. Walimpa filimbi.

"Na weye, nani alikufukuza?" Kabeya akauliza.

"Nyumba yetu, yee njo alisimama mbele. Akapiga filimbi. Halafu akageuza uso."

"Alikupigia weye, ndugu yake?"

"Angefanya nini, tata? Tuko sura moya. Kama wangetusimamisha pamoya, wangetuona."

Ndiyo sababu alihamia Musonoi, mbali na watu waliowahi kuona nakala yake. Kichwa hicho, Mungu alikigawa kwa watu wawili, akili zote akampa mmoja, na huyo mmoja akazitumia vile.

Kabeya alikuwa ameacha kucheka. Alikunja midomo ya shaba juu ya vioo viwili, nikavisugua hapohapo. Kimoja nikakifunga. Cha pili nikampa Kabanga.

Alikigeuza, akautazama mgomba, akatabasamu kidogo. Halafu akajitazama usoni. Alijitazama kwa muda mrefu, akigusa shavu.

"Amekonda," akasema.

Hakusema nimekonda. Alisema amekonda.

Mara watu wote wa jukwaa wakainuka kwa kelele moja. Mtu wa reli alikuwa amepita akitangaza: treni imeshaonekana Lubudi, kesho inaingia. Kila mmoja alinde nafasi yake, godoro kwa godoro, kama walivyopangwa.

Nikamshika Kabeya mkono. "Unataka kubakia?"

"Mi sibembelezi mutu."

"Sikuuliza kama unabembeleza. Nauliza kama unataka."

Akaokota misumari yake, mmoja mmoja, akaifuta. "Kabanga iko na homa," akasema. "Anasema akipanda ile treni na ndugu yake abakie huku, moya wabo hatafika. Mi nitapanda naye. Mutu lazima amushikie mayi."

Umeona mwanaume? Badala ya kuniambia ndiyo ao hapana, ananiambia habari za maji.

Asubuhi nikajifunga kitenge changu cha misa, nikaenda nyumba ya Omer. Vijana wake walikuwa barazani wakicheza karata. Mmoja akaniita.

"Mama, unatafuta nani?"

"Chef yenu. Namuletea kazi yake."

"Tuone!"

"Utaona siku utakuwa chef."

Wakacheka, wakanipisha. Omer alikuwa sebuleni kwenye kiti cha yule jirani, redio imezimwa. Kweli alikuwa amekonda. Sikuwa nimeona mpaka mwenzake aliponionyesha.

Nikampa kioo. Akakifungua, akakitazama mgongo.

"Hii haiko muti ya mizizi. Hii ni mugomba."

"Malalamiko peleka ku fundi. Mi nakataka kioo tu."

Akapapasa kitambaa. Akakikung'uta. Akatazama mikono yangu.

"Na ya pili?"

"Ya pili imeshafika kwa mwenyewe."

"Mwenyewe gani? Mi njo mwenyewe!"

"Kabanga alishaipokea. Anakusalimia, Mbuyi."

Nimeona nyumba zikiporomoka, nimeona mgodi ukimeza njia ya magari. Sijaona kitu kinachoanguka kama uso wa yule mtu. Alitazama mlango. Nje vijana walikuwa wanabishana juu ya karata.

"Sema polepole," akanong'ona.

"Nitasema polepole kama utasikia mbio. Bwana yangu Kabeya iko gare. Treni inafika leo. Umutoshe mule. Mbele ya treni kufika, nimuone ku parseli ya nyumba yangu, na nyundo yake na godoro yake. Kitanda mutarudisha nyuma."

"Na kama nakatala?"

"Kama unakatala, nitasimama pale pa njia panda, mbele ya batoto yako, nitaimba."

Hapo akaelewa, na wewe msomaji kama kwenu hakuna mapasa, nikueleze. Kuna nyimbo tunazowaimbia. Ni nyimbo za matusi, matusi makubwa, ya mama yao na baba yao na mlango waliopitia, na mama mwenye heshima anaziimba bila aibu kwa sababu ndiyo heshima yenyewe ya mapasa. Pasa akiimbiwa lazima aitikie na kucheza. Akinyamaza, anaita ugonjwa juu ya ndugu yake. Na wimbo unaanza na jina.

"Mama, hutafanya vile."

"Tata, mi niko muzee. Meno imebakia kidogo lakini sauti yote iko. Nitaanza na 'Mbuyi'. Tutaona kama miguu yako itatulia."

"Batanichinja!"

"Ah bon? Batu muzuri vile? Si ni batoto ya udongo?"

 Akageuza kioo, sasa akajitazama usoni kwa mara ya kwanza. Nilingoja anipige, ao aite vijana. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Ndiyo maana nilivaa kitenge cha misa.

"Wakati alijiangalia," akauliza, "alisema nini?"

"Alisema: amekonda."

Akainama mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Iko na homa," nikaongeza, kwa sababu nilikuwa bado na hasira. "Anakohoa. Bwana yangu njo anamushikia mayi. Bwana yangu, ile ulitupa nje. Alors? Unamutosha ao unamuacha?"

"Nikimutosha, fasi yake ku wagon itabakia wazi."

"Na mi fasi ya wagon inanihusu nini?"

"Iko pembeni ya Kabanga?"

"Godoro kwa godoro. Kama Mungu alibapanga."

Akainua kichwa. Mlango ukagongwa kwa nguvu, sauti ya mmoja wa vijana ikaingia: "Chef! Treni inaingia! Tunaenda kubapandisha ao namna gani? Na huyu mama anafanya nini mule muda yote hii?"

Omer alikuwa ameshuka kwenye kiti, yuko chini mbele yangu, ameshika upindo wa kitenge changu kama mtoto aliyekatazwa sokoni. Nikataka kurudi nyuma, hakuniachia.

"Mama, bwana yako atarudi leo. Nakuapia. Lakini mi siwezi kwenda gare mwenyewe. Nikifika na miguu yangu, bale nilifukuza batanipasua. Nikibakia, ndugu yangu anakufwa mu njia na mi nakufwa huku. Mutu wa kufukuzwa njo tu bataachia fasi. Kila siku naamuka nangoja moya ajue jina yangu, moya tu, asimame mu barabara aiite. Nilifukuza batu kartiye nzima, mama. Kujifukuza mi mwenyewe sijue."

Mlango ukagongwa tena.

"Njo kitu nilikuwa natafuta kwako na ile bioo mbili, ujue niko pasa," akasema. "Nakuomba, mama. Unifukuzeko."